Meza Ndiyo Nusu ya Jiliwa



Niliombwa nizungumzie kifaa kimoja cha karakana ya chuma, nikaachiwa nichague mwenyewe. Nimechagua meza. Najua wapo waliotegemea mashine, na mashine tutaifikia. Lakini kila nikizungumza na watu wa chuma naona wanaijua nyundo kwa uzito wake, wanaijua tupa kwa meno yake, wanalijua jiliwa kwa upana wa mataya yake, na meza hawaijui kwa lolote. Meza ni ile iliyokuwapo.

Nimesoma orodha nyingi za manunuzi ya karakana za mafunzo. Mstari wa jiliwa huwa umeandikwa kwa uangalifu: mataya ya milimita 125, chuma cha aina fulani, shingo inayozunguka au isiyozunguka. Ukishuka mistari michache unakutana na maneno haya: meza za kazi, kumi. Basi. Kimo hakijatajwa, unene wa uso haukutajwa, wala hakuna aliyeuliza bolti zitapita wapi. Seremala atajua. Naye seremala hutengeneza meza anayoijua, na anayoijua zaidi ni ya kulia chakula au ya ofisi, yenye kimo cha sentimita 75 hivi. Jiliwa zuri la bei kubwa linapandishwa juu ya meza ya kulia wali, halafu mwaka mzima tunawaambia vijana kwamba hawajui kupiga tupa.

Ninachodai leo ni kwamba jiliwa halijakamilika likiwa dukani. Dukani liko nusu. Nusu ya pili ni meza, na hiyo haiuzwi. Hutengenezwa, hupimwa na kurekebishwa papo hapo, kwa jiliwa hilo, kwa kazi hiyo na kwa mtu huyo.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1863 Samuel Smiles, Mskoti aliyeandika maisha ya wahandisi, alisimulia habari za Henry Maudslay, yule aliyekuja kuwa mwalimu wa mafundi mashuhuri kama Joseph Whitworth na James Nasmyth. Maudslay alizaliwa mwaka 1771, na alipokuwa kijana wa miaka 18 alikwenda London kuomba kazi kwa Joseph Bramah, mtengeneza makufuli. Kulikuwa na kikwazo: hakuwa ametumikia ile miaka 7 ya uanagenzi ambayo mafundi wa mji ule waliihesabu kama cheti. Wasingemkubali. Basi kijana akaonyesha jiliwa bovu lililokuwa limefungwa kwenye meza pale karakanani, mataya yamelika, akauliza kama wataridhika akilifanya jipya kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akavua koti. Akayapa mataya chuma kipya, akayafua, akayapiga tupa, akayachovya yakawa magumu, akayang'arisha. Saa ilipogonga, jiliwa lilikuwa bora kuliko mengine yote mle ndani. Akapewa kazi.

Kisa hiki hupendwa na walimu kwa sababu ya bidii ya kijana. Mimi nakipendea jambo jingine. Majiliwa yaliyotawala karakana za wakati ule yalikuwa ya chuma cha kufua, yenye mguu mrefu ulioshuka kutoka kwenye taya la nyuma hadi sakafuni. Wahunzi wengine bado wanayo hayo. Ukilipiga nyundo jiliwa la namna hiyo, pigo linateremka kwenye mguu na kuishia ardhini. Meza kazi yake ni kulishika tu lisianguke. Kwa hiyo hata meza dhaifu ingeweza kubeba jiliwa la aina ile, na kijana hodari angeweza kulifufua bila kuigusa meza.

Lakini jiliwa lile lilikuwa na kasoro yake. Taya la mbele huzunguka kwenye bawaba iliyo chini, kama mdomo wa koleo, kwa hiyo mataya hulingana sawasawa kwa upana mmoja tu. Ukibana kitu kinene zaidi au chembamba zaidi yanashika kwa ukingo. Katika karne ya 19 likaenea jiliwa la chuma cha kusubu, ambalo taya la mbele huteleza moja kwa moja na mataya hubaki sambamba kwa upana wowote. Hilo ndilo tulilonalo sote. Ni jiliwa bora. Ila mguu umekatwa. Linakaa juu ya meza kwa bolti tatu au nne, na kila pigo, kila msukumo wa tupa, kila mkunjo wa nondo sasa unabebwa na mbao, misumari na miguu minne ya seremala wetu. Kazi ya ule mguu imerithiwa na meza, na meza haijaambiwa.

Sasa tuingie kazini. La kwanza ni kimo, nami nitakaa hapo kidogo, maana ndipo panapoharibikia mengi.

Kupiga tupa ni kusukuma chuma kirefu mbele, kikiwa kimelala, bila kukiacha kiinuke wala kishuke. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unakandamiza ncha ya mbele. Tupa inapoanza safari, sehemu kubwa iko upande wako. Inapomaliza, sehemu kubwa imevuka kipande iko upande wa pili. Kwa hiyo kukandamiza kunahama safari nzima kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na ustadi wote uko katika kuhama huko. Haya yanawezekana iwapo sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja inasafiri karibu sambamba na sakafu. Jiliwa likiwa chini mno, fundi huinama, mabega yanakuwa juu ya kazi, tupa inachimba mwanzoni na inashuka mwishoni. Kipande kinatoka na mgongo, kimeliwa kingo zote mbili na katikati kimebaki kimeinuka. Likiwa juu mno, viwiko vinapanda, uzito wa mwili hauingii kazini, na tupa inateleza juu ya chuma bila kuuma. Huyo wa kwanza jioni anashika kiuno, huyu wa pili anashika mabega. Wote wawili wataambiwa wana mkono mbaya.

Kipimo cha zamani hakihitaji hata futi. Simama wima karibu na jiliwa ukiwa na viatu vya kazi, siyo ndala. Kunja mkono, ngumi ikae chini ya kidevu, ubavu wa mkono uwe karibu na mwili. Ncha ya kiwiko iguse juu ya mataya. Ikining'inia juu yake, jiliwa liko chini. Ikikulazimu kuinua bega, liko juu. Ukitaka kuhesabu kabla ya kujenga, kiwiko cha mtu aliyesimama huwa karibu asilimia 63 ya kimo chake. Mtu wa sentimita 165 ana kiwiko kwenye sentimita 104 hivi. Jiliwa lenye mataya ya milimita 125 huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 18 kutoka kwenye kitako. Usikisie, lipime lako. Likiwa na 17, meza yake inatakiwa iwe na sentimita 87. Ile ya kulia wali inapungukiwa na 12.

Kimo hicho ni cha kupiga tupa na kukata kwa msumeno wa chuma, kazi za kila siku. Fundi ambaye siku nzima anapiga tindo kwa nyundo nzito atashusha sentimita 5, pengine 10, ili bega lipate nafasi ya kushuka na nyundo. Anayetengeneza funguo au vipuri vidogo vya cherehani atapandisha, maana macho yake ndiyo yanayofanya kazi zaidi na shingo isiinamishwe. Ukiwa na majiliwa mawili, usiyaweke kwa kimo kimoja kwa ajili ya kupendeza.

Walimu mtaniuliza: darasa lina vijana ishirini, meza nitaikata kwa ajili ya nani? Kati ya binti wa sentimita 150 na kijana wa 175, viwiko vinapishana kwa sentimita 16 hivi. Mimi nafunga jiliwa kwa warefu, kisha nawatengenezea wafupi jukwaa la kusimamia. Mtu huinuliwa kwa urahisi kuliko meza. Jukwaa liwe pana kiasi kwamba mguu wa kushoto ukitangulia na wa kulia ukibaki nyuma, yote miwili iko juu yake. Liwe zito lisiteleze. Na pembe zake zipakwe rangi kali mtu asijikwae. Nimeona wanafunzi wakisimama juu ya tofali mbili. Tofali mbili zitamvunja mtu kifundo cha mguu.

Meza ikiwa tayari ipo na ni fupi, mkono wa fundi huenda haraka kwenye kigogo: weka kipande cha ubao mnene chini ya jiliwa, kazi imekwisha. Yafaa, kwa sentimita chache. Lakini kila unapoliinua jiliwa juu ya uso wa meza unarefusha wenzo wa kuing'oa, na bolti za mbele ndizo zinazovutwa. Zaidi ya sentimita 5 mimi huinua meza yenyewe: miguu inaongezewa vipande vilivyofungwa kwa bolti ubavuni, au inasimamishwa juu ya vitako vya zege vilivyomwagwa mahali pake. Meza ikiwa ndefu mno, kata miguu. Ipindue kwanza, pima kutoka kwenye uso, siyo kutoka sakafuni. Sakafu zetu nazijua.

Mahali pa kukaa jiliwa sitapasemea sana, isipokuwa mambo mawili ambayo nayaona yakikosewa hata kwenye karakana nzuri.

Moja: jiliwa hukaa juu ya mguu wa meza, au karibu nao kadiri bolti zinavyoruhusu. Katikati ya meza, mbali na miguu yote, uso unakuwa ngoma. Unapiga tindo, ubao unashuka na kurudi, na nusu ya nguvu yako imekwenda kuchezesha mbao. Sikiliza sauti tu. Jiliwa lililokaa vizuri linajibu pigo kwa mlio mfupi, mkavu. Lililokaa vibaya linaitikia kama debe.

Pili: uso wa taya la nyuma, lile lisilosogea, uvuke ukingo wa meza kidogo kuja upande wako. Milimita 5 hadi 10 zinatosha. Watu hulirudisha nyuma wakidhani wanalipa usalama. Kisha siku moja inakuja bomba la mita moja na nusu linalotakiwa kubanwa wima likatwe ncha. Halipiti, linagonga meza. Fundi atafanyaje? Atalibana pembeni mwa mataya, taya la mbele likae upande, akaze kwa kuongeza bomba kwenye mkono wa jiliwa. Ndivyo skrubu zinavyolika na mataya yanavyopinda, na jiliwa linalaumiwa kwa uchina wake au uhindi wake. Angalia pia ubao wa ubavuni unaopamba ukingo wa meza: ukijitokeza kuliko taya, umerudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma.

Meza yenyewe iegemee ukuta imara. Kwenye majiliwa mengi tunayonunua, taya lililo kipande kimoja na mwili ni la nyuma, nalo ndilo linalostahili kupigwa nyundo kuelekea kwake; la mbele limeshikwa na skrubu na nati, na nyundo itazila. Kwa hiyo nyundo inakwenda mbele, kutoka kwa fundi kuelekea ukutani. Ukuta ukiwapo, meza haina pa kukimbilia.

Tuje kwenye uso wa meza. Hapa kuna hesabu moja ambayo ningependa kila fundi aondoke nayo. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, ugumu wake wa kupinda hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nane. Ubao wa milimita 50 unapinda moja ya nane ya ubao wa milimita 25 chini ya mzigo ule ule. Lakini wengi wakisikia hivyo huchukua mbao mbili za 25, hupanga moja juu ya nyingine, hupiga misumari minne na kuhesabu 50. Hapana. Mbao mbili zilizolaliana tu huteleza moja juu ya nyingine zinapopinda, na ugumu wake ni wa mbao mbili: mara mbili, siyo nane. Zipake gundi uso mzima, zikaze kwa skrubu nyingi hadi gundi ikauke, zitakaribia kuwa ubao mmoja. Tofauti kati ya mbili na nane imo ndani ya kopo la gundi.

Mti gani? Mninga ni mzuri mno kwa kazi hii na bei yake siku hizi ni ya fanicha. Mvule unafaa. Mkaratusi ni mzito, mgumu, na haujidai; tatizo ni kwamba tunauziwa mbichi, ukakaukia mezani na kujikunja. Anika miezi, chini ya paa, mbao zikiwa na vijiti katikati yake hewa ipite. Msonobari unatumika ukiwa mnene na ukivishwa bati au sahani ya chuma pale penye jiliwa.

Bolti ni za kupenya, siyo skrubu za mbao, na misumari nisiisikie. Milimita 12 kwa jiliwa la ukubwa tuliousema, au kadiri tundu la kitako linavyokubali. Toboa wima; keekee ikilala, bolti inakaa upande na nati inashika kwa kona moja. Chini ya meza usiweke washa ndogo ya duara peke yake. Ubao hukandamizwa na washa ndogo, inazama, bolti inalegea, unakaza, inazama tena. Chukua kipande cha flatibari cha milimita 6, kirefu cha kupokea bolti mbili, toboa matundu yake, kaza juu yake. Mzigo unasambaa. Hata hivyo, ubao utaendelea kunywea kadiri unavyokauka, kwa hiyo baada ya wiki chache rudi na spana, na baada ya masika rudi tena.

Miguu minne juu ya sakafu isiyo sawa haitulii; mitatu hutulia popote, ila meza ya miguu mitatu hupinduka ukiikamia pembeni. Tunabaki na minne na kabari. Kabari iwe ya mbao ngumu, ipigwe ikaze, kisha mguu ufungwe sakafuni kwa chuma cha pembe na bolti ya kutanuka. Pasipo sakafu ya zege, weka rafu chini karibu na ardhi, uijaze vyuma chakavu na vipuri. Vingekaa mahali fulani hata hivyo. Na mbao za mshazari kati ya miguu zisisahaulike, hasa upande wa mbele kwenda nyuma, kwani huko ndiko tupa inakosukuma.

Nisieleweke kwamba mafundi wetu hawayajui haya. Nenda Kamukunji, Nairobi, uone wale wanaofua masanduku, makarai na majiko. Fundi amekaa chini, mbele yake kipande cha reli ndicho fuawe, na reli imelala juu ya ardhi. Hana meza ya kumwibia pigo. Chuma, reli, dunia. Ni mpangilio sahihi kabisa kwa kazi ya nyundo, hata kama mgongo wa fundi unalipa gharama yake. Au pita Gerezani, Dar es Salaam, na kwenye vibanda vya kuchomelea kokote: bomba limechomelewa juu ya rimu ya lori, jiliwa limekaa juu ya bomba. Naipenda stendi ya rimu. Inahamishika, unaizunguka pande zote, na fundi wa mageti anayekunja flatibari ya mapambo anahitaji nafasi hiyo. Lakini ukikamata chuma kirefu na kusukuma msumeno, inayumba na kutembea, na mwanagenzi analazimika kuikanyaga rimu kwa mguu mmoja huku akikata. Rimu ikijazwa zege, stendi inatulia zaidi. Bado si mahali pa kumfundishia mtu kupiga tupa uso ulionyooka.

Hadi hapa nimesema juu ya jiliwa, na jiliwa lina huruma. Meza ikikosewa kidogo, fundi hodari atafidia kwa mwili wake. Kuna chombo kisichofidiwa, nacho ni mashine ndogo ya kukereza, ile inayokaa juu ya meza. Zimeanza kuingia katika karakana ndogo na katika vyuo, nami nimekwisha kuitwa zaidi ya mara moja kuangalia mashine inayosemekana ni mbovu kwa sababu inakereza mche mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili. Mara nyingi mashine haina ugonjwa. Imefungwa kwenye meza iliyopinda, bolti zikakazwa kwa nguvu za mwanamume, na kitanda cha mashine kikafuata meza.

Kitanda cha chuma cha kusubu kinaonekana kigumu kama mwamba. Kinajisokota. Tuhesabu pamoja. Chukua kitanda chenye upana wa milimita 100, na mhimili wa mashine ukiwa milimita 100 juu yake. Kwenye mwisho ulio mbali na kishikio, upande wa mbele umeshuka kwa milimita 0.1, yaani unene wa ubavu wa kopo la soda. Kwa msokoto huo, kisu kinapofika huko kinakuwa kimesogea milimita 0.1 kuja kwako, mbali na mhimili. Mche unabaki mnene kwa 0.1 kila upande. Kipenyo kimezidi kwa 0.2. Kwa beringi inayotakiwa kuingia kwa kusukumwa, 0.2 ni kazi ya kutupa.

Dawa yake haihitaji pima maji ya bei mbaya. Kwanza legeza bolti zote za mashine, uone miguu yake yote inagusa meza bila kulazimishwa. Panapopitisha hata karatasi, jaza kwa vipande vya bati hadi kila mguu ubebe sehemu yake. Kisha kaza kwa kiasi. Sasa bana kwenye kishikio mche mnene wa kutosha, wa milimita 25 au zaidi, utokeze kama milimita 150, ncha ya pili ikiwa huru kabisa, haikushikwa na chochote. Punguza katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio na nyingine kwenye ncha. Kereza pete zote mbili kwa mkato mwepesi wa mwisho, bila kukigusa kisu kati ya moja na nyingine. Pima kwa maikromita.

Pete ya mbali ikiwa nene zaidi, kisu kilikimbia kuja kwako: inua mguu wa mbele ulio mwisho wa mbali. Ikiwa nyembamba zaidi, inua wa nyuma. Kipande cha kopo la soda kinaanza vizuri. Kaza, kereza tena, pima tena. Haraka haifai hapa. Kila badiliko moja, kipimo kimoja. Pete zikilingana, weka alama ya rangi kwenye bolti na uwakataze watu spana.

Kwa mashine hii sipendekezi meza ya mbao tupu, hasa pwani. Ubao hunywa unyevu wa masika na kuutema wakati wa kiangazi, nao hautanuki sawasawa: kukingama nyuzi hutanuka sana, kufuata nyuzi karibu hautanuki kabisa. Mashine uliyoinyoosha mwezi wa Aprili itakuwa imesokotwa mwezi wa Septemba bila mtu kuigusa. Fremu ya vyuma vya pembe, iliyochomelewa vizuri, yenye bolti za kunyanyulia chini ya kila mguu, haibadiliki hivyo. Mwenye meza ya mbao tayari asiitupe; aweke sahani nene ya chuma kati ya mbao na mashine, na arudie kipimo cha pete mbili kila msimu unapogeuka.

Mwenyekiti wa kikao amenisogezea kikaratasi cha swali kutoka kule mlangoni, nami nitalijibu hili kabla ya kukaa. Mwanagenzi anauliza: chumba changu ni kidogo, meza ni moja, je, jiliwa na mashine ya kukereza vikae pamoja?

Hapana, ndugu yangu. Kila pigo la nyundo litaitingisha mashine, na vumbi la tupa litaingia kwenye njia zake za kuteleza. Ikibidi kuchagua, mashine ipewe meza, na jiliwa lipewe nguzo. Tafuta bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 100 hivi na ukuta wa milimita 5. Chimba shimo la sentimita 60 pale unapotaka, mahali penye mwanga unaotoka mbele yako. Chomelea vipande vya nondo vikikingama sehemu ya chini ya bomba ili lisizunguke ndani ya zege. Kabla ya kumwaga zege, simama hapo na viatu vyako, pima kiwiko, toa kimo cha jiliwa, toa na unene wa sahani, ongeza kina cha shimo, ndipo ukate bomba. Juu yake chomelea sahani ya milimita 12, yenye mbavu za pembe tatu kwa chini, nayo iwe fupi upande wa mbele ili taya lipite ukingo. Simamisha kwa timazi, mwaga zege, na usiliguse kwa nyundo hadi zege likomae. Wiki 4 ndizo zinazohesabiwa kwa kawaida. Ukiwa na haraka ya wateja, katika muda huo kata kwa msumeno tu, taratibu.